Maji Yaliyonyamaza Upesi

Sikumbuki hata mara moja kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Nilikuwa namwekea kigoda barazani, naye anakitazama kama mtu anayetazama mtego. Kisha anachukua kikombe na kuanza kuuzunguka uwanja, anapita kati ya mikorosho, anarudi, anakwenda tena. Mama mkwe wangu, ambaye hakujua kuficha maneno, alisema siku ile ya kwanza, "Huyu mwanamke ana siafu ndani ya gauni." Mgeni akasikia. Akacheka huku anatembea.

"Shikamoo Mama. Siafu wenyewe nimeshawazoea."

Jina lake nalijua, lakini huku kwetu hakuna aliyelitumia. Katika kijiji chetu, nje kidogo ya Newala, mwanamke mzima huitwa kwa mwanawe. Mimi ni Mama Salma tangu Salma azaliwe, na jina nililokua nalo kwetu Lisekese wanalikumbuka ndugu zangu tu. Yeye hakuwa na mtoto, au kama alikuwa naye hakumtaja, basi watu wakapata shida. "Madamu" alilikataa. "Mtaalamu" lilimfanya ageuke nyuma kutazama nani anaitwa. Ndipo mtu mmoja, alipoona wanaume wanashusha garini ile fimbo nene ya chuma aliyokuja nayo, akauliza ndani mna nini.

"Sumaku," akajibu. "Sumaku kubwa. Ikiiharibu saa yako usije kunilaumu."

Tangu siku hiyo akawa Mama Sumaku, na akaitika. Alikuwa akiipigapiga fimbo ile na kusema, "Ndiye mwanangu. Mzito, lakini hajawahi kunililia."

Alikuja kila kiangazi, miaka mingi. Mradi wa maji ulimtuma apime visima virefu vilivyochimbwa huku juu kwenye uwanda, kuanzia Newala mpaka upande wa Tandahimba, na kwa kuwa kijijini hapakuwa na nyumba ya wageni, na mume wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, alilala kwetu. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye gesi, huko pwani na nchi za watu. Alisema kazi ni ile ile. Gesi inakaa ndani ya jiwe, maji yanakaa ndani ya jiwe, na mtu anayetaka kimojawapo lazima alijue jiwe kwanza.

Mtu asiyekaa huku hawezi kujua neno maji lina uzito gani kwetu. Lisekese nilikozaliwa, kwa kilugha chetu, maji tuliyaita *mesi*, na hatukulifikiria sana. Nilipoolewa huku juu kwa Wamakonde nikajifunza kusema *medi*, na nikajifunza kulisema kwa sauti ya chini, kama jina la mgonjwa. Mvua ikinyesha tunakinga kwenye mabati na kuhifadhi katika kisima cha saruji kando ya nyumba. Korosho zikianza kudondoka, kisima kile kimebaki matope. Hapo ndipo wanawake hushuka na ndoo mpaka bondeni, kwenye chemchemi, na kupanda nazo ule mteremko ambao hata mbuzi husimama kwanza kufikiri.

Kwa hiyo kila alipokuja, tulimwuliza swali moja. Naye alichukia swali hilo.

"Msiniulize kama maji yapo," alisema. "Maji yapo. Hata jiwe hili ninalolikanyaga lina maji. Niulizeni kama yatatoka."

Jioni moja nilikuwa namenya ming'oko, vile viazi vya porini, yeye anazunguka jiko langu la nje, nikamwambia anieleze maana mimi si mtoto. Akasimama. Hilo peke yake lilinishtua.

"Unajua gwaride la shule, bendera inapopandishwa? Watoto wote wanasimama wima. Sasa, ndani ya kila chembe ya maji mna kisumaku kidogo sana, hakionekani. Nikishusha fimbo yangu, visumaku vyote vinasimama wima kama wale watoto. Halafu navishtua vyote kwa mpigo mmoja. Vinayumba, na vikiyumba vinatoa sauti. Si sauti ya sikio, ni ya mashine. Mimi nasikiliza inavyofifia."

"Halafu?"

"Sauti ikiwa kubwa, maji ni mengi. Hilo la kwanza. La pili ndilo lenye kazi. Maji yaliyo kwenye tundu dogo yanagusa ukuta kila mara, na kila yakigusa yanatulia. Yananyamaza upesi. Yaliyo kwenye tundu kubwa yana nafasi, yanachelewa kunyamaza. Yakinyamaza upesi najua yamebanwa, hayatoki hata ukiweka pampu ya mfalme. Yakichelewa, najua yatakuja."

Akaokota kipande cha ming'oko kibichi, akakitafuna bila kukitazama, akaanza tena kuzunguka. "Kuwapo si kupatikana, Mama Salma."

Msemo huo ulienea kijijini kuliko maji yenyewe. Wanawake wakautumia kwenye njia ya bondeni. Ukimwuliza mwenzako mumewe hajambo, anakujibu, "Yule? Kuwapo si kupatikana," na ndoo zinamwagika kwa kicheko.

Alikuwa mtu wa vinyume. Alitafuta maji maisha yake yote, lakini alioga kwa jagi moja na kunisuta nikimwekea ndoo nzima. Jumapili alipanda bodaboda kwenda Misa, safari nyingine mpaka Lukuledi alikokuwa na rafiki wa zamani, na akatoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho. "Mungu ananijua," alisema. Aliweza kusikia maji yanavyonyamaza chini ya ardhi, lakini mtu akizungumza naye alimmalizia sentensi, na mara nyingi alimmalizia vibaya. Ukisema, "Mama Sumaku, leo nilikuwa nataka..." yeye, "Chumvi, ipo kwenye gari," na wewe ulitaka kumwambia mtoto ana homa.

Na ingawa yeye mwenyewe hakutulia, alipopima alitaka dunia nzima itulie. Umeme uliharibu kusikia kwake. Siku za kupima alikwenda mwenyewe kwa mwenye mashine ya kusaga kumwomba azime. Mara ya kwanza yule bwana alikataa, akasema watu wanataka unga. Mama Sumaku hakubishana. Aliingia kwenye foleni, akachukua karai la mwanamke wa kwanza, akaenda nalo mpaka kwenye kinu cha jirani na kuanza kutwanga. Alitwanga vibaya sana, muhogo ukaruka huku na huku, wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwenye mashine alitoka, akamtazama kwa muda, akarudi ndani akazima. Baadaye alisema hakuzima kwa huruma. Aliona aibu unga ukimwagika namna ile.

Mume wangu alimpenda. Baba Salma alikuwa mtu wa kupenda watu wenye haraka, maana yeye mwenyewe alikuwa mpole na alichoka kungoja. Walibishana kila mlo. Ilipotangazwa kwamba kijiji chetu kitachimbiwa kisima, ni yeye aliyetembea nyumba kwa nyumba kutafuta mahali. Mwishowe mama mkwe wangu ndiye aliyetoa shamba lake lililo nyuma ya nyumba. Mikorosho yake mizee ikakatwa mtambo upate kupita. Alisimama akatazama mpaka wa mwisho ulipoanguka, kisha akasema, "Haya. Sasa leteni hayo maji."

Mtambo ulichimba. Uliporusha udongo mwekundu uliolowa, watu walipiga vigelegele. Mume wangu alichota tope lile akampaka mama yake usoni, na yule mama, mkali kama pilipili, akaliacha likauke pale pale.

Wakavisha shimo bomba la plastiki, maana fimbo ya Mama Sumaku haikuweza kusikia kupitia chuma. Akaishusha. Mashine ya kusaga ikazimwa, redio zikazimwa, hata watoto walinong'ona. Yeye alisimama kwenye gari lake akitazama kioo cha kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatikisika hata kidole. Nikaogopa.

Alipotoka alimwendea mume wangu moja kwa moja.

"Maji ni mengi," alisema. "Yananyamaza upesi. Yote."

"Maana yake nini?"

"Yamebanwa. Hayatatoka."

"Tope umeliona! Watu wamelishika!"

"Nimeliona. Sponji likilowa si lazima lidondoke."

Baba Salma akamwomba jambo moja tu, pampu ijaribiwe. Hata kwa siku moja. Alikataa. Alisema pampu itatoa ndoo chache, watu watacheza ngoma, kisha itakauka na wao watabaki na shimo na machozi, na mtambo utakuwa umeshaondoka bila kuchimba kwingine. Alisema hayo haraka, akimmalizia sentensi zake kama kawaida. Mkubwa wa wachimbaji hakuwa na sababu ya kubisha, alikuwa na vijiji vingine vinamngoja. Wakafunika shimo kwa kifuniko cha chuma, wakaenda. Wakachimba kijiji cha mbali, chini kidogo, na huko maji yakatoka.

Mama Sumaku aliondoka pamoja nao. Aliniaga dirishani mwa gari. Nilitaka kumwambia neno, akanimalizia, "Najua, umekasirika." Sikuwa nimekasirika. Nilitaka kumwambia arudi.

Mwaka uliofuata hakurudi, wala ule mwingine. Tulisikia mradi umemhamishia mikoa ya kati. Kwetu maisha yakawa haya: watu walimcheka mume wangu. Si kwa ubaya wa kuua, kwa ubaya wa kila siku, kama mchanga kwenye ugali. Akipita wanasema, "Mwenyekiti, medi vipi?" Mama yake hakumwambia kitu kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaacha uenyekiti. Akaenda Tandahimba kwenye shughuli za korosho, akawa anarudi kila Ijumaa, halafu akawa anarudi Ijumaa moja na kuruka nyingine. Nilipomwuliza alisema huko watu hawajui habari ya lile shimo. Nami nikashuka bondeni na kupanda, nikashuka na kupanda. Msimu mmoja Salma aliteleza pale kwenye mawe na ndoo kichwani, akavunja mkono. Ulipona, lakini mpaka leo haunyooki vizuri. Aliacha shule kwa muda wote ule, na aliporudi alikuwa amepitwa na wenzake.

Kifuniko kile kilibaki nyuma ya nyumba. Mama mkwe wangu alianikia mabibo juu yake.

Halafu, kiangazi kilichopita, Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, gari lilisimama kwetu. Alishuka yeye. Amepungua mwili, nywele zimekuwa nyeupe, na mkononi ana kijiwe chekundu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo Mama Sumaku."

"Marahaba. Baba Salma yupo?"

Alikuwepo. Aliposikia sauti ile uwanjani aliingia chumbani akafunga mlango.

Sikujua la kufanya. Mgeni akazunguka uwanja mara kadhaa. Alipofika karibu na dirisha la chumba akasimama, akaanza kuongea na dirisha.

"Baba Salma. Nimekuja kukuambia nilikosea."

Akakiinua kile kijiwe kuelekea dirishani.

"Jiwe hili ni la shimo lenu. Niliondoka nalo siku ile. Nimelisafirisha kila nilikokwenda na sikulifungua, maana nilikuwa na hakika. Mwaka huu nikapata nafasi kwenye maabara, nikajaribu kupitisha maji ndani yake. Maji yakapita. Si kwa wingi, lakini yakapita, wakati mimi nilisema hayawezi."

Mama mkwe wangu alikuwa ameacha kuanika mabibo yake. Alisogea kusikiliza.

"Ni chuma," Mama Sumaku akaendelea. "Mawe yenu ni mekundu kwa sababu yana chuma. Maji yakigusa ukuta wenye chuma yananyamaza upesi hata kama tundu ni kubwa. Mimi nilisikia yamenyamaza upesi, nikasema yamebanwa. Hesabu niliyoitumia ilitengenezwa kwa mawe meupe ya nchi nyingine. Rangi ya jiwe nilikuwa naiona kwa macho yangu, Baba Salma. Nilikuwa na haraka. Na wewe uliniomba siku moja tu ya pampu."

Mlango ukafunguka. Mume wangu alisimama kizingitini, kofia ya msikitini bado kichwani. Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nataka apige kelele.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa hujui," alisema.

"Nilikuwa sijui. Nilisema kama ninayejua."

Akakipokea kile kijiwe, akakigeuzageuza. Akakikwaruza kwa ukucha, na Mama Sumaku, kwa taabu ambayo niliiona usoni mwake, hakumjazia neno hata moja.

"Hata mimi nilikuwa sijui," mume wangu akasema mwishowe. "Nilikuwa nataka tu. Watu wakisema nilikuwa na akili kuliko wewe, watakuwa wanasema uongo."

Mama yake akaguna. "Mmemaliza? Mkono wa Salma nani atakuja kuuomba radhi?"

Salma mwenyewe alikuwa mlangoni mwa jiko, msichana mkubwa sasa. Mama Sumaku alimwendea, akaushika ule mkono, akaupapasa pale ulipopinda. Salma ndiye aliyesema, "Hauumi tena, Mama. Baridi tu ikija." Mama Sumaku akalia. Alilia vibaya kama alivyotwanga, bila mpango, na mama mkwe wangu akamwacha alie kidogo, kisha akampa upindo wa khanga yake ajifute.

Kesho yake aliomba mkutano wa kijiji, akayasema yale yale mbele ya watu wote, amesimama juani. Watu walinung'unika. Mzee mmoja akauliza, "Na safari hii ukikosea je?"

"Nitakuja kusema tena," akajibu. "Ila safari hii hamtanisikiliza mimi. Mtaitazama pampu."

Pampu ililetwa. Mume wangu ndiye aliyekifungua kifuniko, kutu ikambandua ngozi ya viganja. Maji yalitoka mekundu kama chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, yakatoka na mchanga, yakakatika tukashika roho, yakarudi. Waliiacha pampu ikinguruma kutwa nzima na kesho yake pia. Si maji mengi. Hayawezi kunywesha mashamba wala kufika vijiji vya jirani. Lakini wanawake wa upande wetu hawashuki tena bondeni, na mama mkwe wangu, alipochota ndoo yake, alirudi nyumbani nayo kichwani, hakumsemesha mtu, akafunga mlango. Tulimsikia anaoga. Alioga kwa muda mrefu sana.

Nilidhani Mama Sumaku atabaki walau siku hiyo, ale nasi. Nilikuwa nimechinja kuku. Nilipotoka jikoni alikuwa anaikunja kamba ya fimbo yake.

"Unakwenda wapi? Chakula kiko tayari."

"Tandahimba. Kuna kisima kingine nilikisema vile vile, mwaka ule ule, kwa hesabu ile ile. Na baada ya hicho kuna vingine." Alikuwa anaongea na huku anatupa vitu garini. "Nimeua visima vingapi, Mama Salma? Sijui. Nalala nikivisikia."

Nilimfungia nyama kwenye sufuria yenye mfuniko. Mume wangu akaingia kwenye gari naye, akasema anawajua watu wa huko, atamsaidia kuongea nao. Waliondoka wakibishana.

Siku chache baadaye simu yangu iliita nikiwa napalilia. Ilikuwa sauti yake, na nyuma yake pampu ikikohoa, ikikohoa, kisha ikazimwa.

"Mama Salma, hiki cha huku nilisema kweli," aliniambia. "Yamebanwa. Ndoo chache tu, basi. Hakina kitu."

Nikasikia watu wanaondoka pale alipokuwa, ndoo tupu zinagongana, na mume wangu akimwambia mtu taratibu kwa Kimakonde kwamba huyu mama hana kosa. Nikatafuta neno la kumpa, pongezi au pole, na sikulipata. Yeye naye, kwa mara ya kwanza, hakunimalizia.